Kadi ya miaka 10, safari ya miezi 13

SHANGAZI yangu alirudi kutoka uwanja wa ndege wa Bujumbura na mabegi yake yote mawili. Mhudumu wa shirika la ndege aliitazama kadi yake ya ukaazi wa Marekani, akatazama muhuri wa kuingia Burundi kwenye pasipoti, kisha akahesabu kwa vidole: miezi 13.

"Mama, kwa kadi hii hatuwezi kukupandisha."

Kadi ilikuwa bado na miaka mitano mbele. Hata mimi mwalimu, niliyemsindikiza, sikuelewa.

Huo ulikuwa mwaka 2014. Shangazi ni mmoja wa Warundi waliokimbia mwaka 1972, wakatangatanga hadi kambi za Kigoma, na ambao kuanzia mwaka 2007 Marekani iliwapokea kwa maelfu. Mimi nilizaliwa na kusomea huko huko ukimbizini, nikarejea nyumbani mwaka 2009. Alikuja kufuatilia shamba la michikichi la baba yake, yaani babu yangu, huko Rumonge. Alikusudia kukaa miezi minne. Kesi ikaahirishwa mara kwa mara, kisha akateleza na kuvunjika nyonga.

Ndipo nilipojifunza kwamba tarehe iliyochapwa kwenye kadi ni ya kadi yenyewe, si ruhusa ya kukaa nje. Mwenye kadi anatakiwa awe mkaazi kweli. Akikaa nje mwaka mmoja au zaidi, kadi peke yake haimrudishi. Anayejua atachelewa huomba kibali cha kurejea akiwa bado Marekani, kabla ya kusafiri, nacho hudumu hadi miaka miwili. Hakiombwi ukiwa Rumonge.

Hata miezi sita ina hesabu yake. Anayeipita anaweza kuambiwa amekatiza ile miaka mitano mfululizo ambayo kwa kawaida hutakiwa ili kuomba uraia. Na wale wanaorudi Marekani wiki moja ili kufuta siku, wajue wanaweza kuulizwa: nyumbani kwako hasa ni wapi?

Shangazi alikwenda ubalozini kuomba viza ya mkaazi anayerejea. Alitakiwa kuthibitisha mambo matatu: kwamba alikuwa mkaazi halali alipoondoka, kwamba alikusudia kurudi, na kwamba alicheleweshwa na jambo lililo nje ya uwezo wake. Kesi ya shamba haikumsaidia. Kilichomwokoa ni karatasi za hospitali zenye tarehe, tiketi yake ya zamani ya kurudi, na risiti za kodi ya nyumba alizotuma binti yake kutoka Texas. Tulisubiri miezi mitano.

Leo nisingependa mtu ategemee dirisha hilo. Juni 2025 Marekani ilitangaza vizuizi vya viza kwa raia wa Burundi.

Ninyi mnaovuka Manyovu na Kobero na mizigo mnajua kusoma muhuri: ukipewa siku, unazihesabu. Mfundisheni hivyo ndugu anayekuja kutoka mbali, tena kabla hajapanda ndege.

Kesi yetu iliisha mwaka 2017, tukapewa nusu ya shamba. Shangazi hakuwepo. Alinipa barua ya uwakilishi, akabaki Texas akisomea mtihani wa uraia aliouogopa miaka yote. Alifaulu. Sasa akija Rumonge hahesabu siku.