Mti wa nyumbani: Kiangazi huudhoofisha, mvua huuangusha

WENYEJI wa Merti, Kaunti ya Isiolo, hawahitaji kuelezwa thamani ya kivuli. Katika mji huo ulio karibu na Mto Ewaso Nyiro, ambako mvua ya mwaka wa kawaida haifiki milimita 400, mgunga au mwarobaini uliomea uani ndio sebule, ndio baraza la wazee, na ndipo mbuzi wanapojikinga na jua la adhuhuri. Kwa sababu hiyo, ni wachache wanaoutazama mti huo na kufikiri kwamba unaweza kumuua mtu.

Lakini unaweza. Mti huanguka siku ya mvua na upepo, na lawama zote huelekezwa kwa mvua. Ukweli ni kwamba aghalabu anguko hilo huwa limeandaliwa na kiangazi kilichotangulia.

Kati ya mwaka wa 2020 na mapema 2023, misimu mitano mfululizo ya mvua ilikosa kunyesha ipasavyo katika maeneo kame ya Kenya. Kabla wakazi hawajapata nafuu, mvua za El Nino zilifika mwishoni mwa 2023 na kuleta mafuriko. Mfuatano wa aina hiyo ndio hatari zaidi kwa miti.

Sababu yake si ngumu kuelewa. Sehemu kubwa ya mizizi ya mti huwa katika mita moja ya juu ya udongo, nayo huenea mbali kupita ukingo wa kivuli chake. Ukame unapozidi, mizizi midogo hufa na matawi hukauka. Mvua kubwa ikinyesha ghafla, udongo hulegea na kupoteza mshiko, ilhali majani yaliyolowa huongeza uzito juu. Upepo wa kabla ya radi hauhitaji nguvu nyingi kukamilisha kazi.

Binadamu naye huchangia. Wakati wa ukame, matawi hukatwa ili kulisha mbuzi, mara nyingi kwa panga na upande mmoja tu. Mti hubaki ukielemea upande wa pili, na vigutu vilivyopasuka huwa mlango wa mchwa na uozo. Kufunga mifugo shinani pia huleta madhara: gome likichunwa kuzunguka shina lote, mti hufa, hata kama majani yatabaki mabichi kwa muda.

Dalili za hatari

Mwenye nyumba anaweza kuukagua mti wake mwenyewe akiwa amesimama chini. Ajiulize: Je, mti umeanza kuinama hivi karibuni, na ardhi ya upande wa nyuma yake imepasuka au kuinuka? Je, kuna uyoga kwenye kitako cha shina? Shina likigongwa, linatoa sauti ya uwazi? Kuna ufa pale matawi mawili makubwa yanapoachana? Je, kuna matawi makavu juu ya paa la mabati, choo au mahali watoto wanapochezea?

Dalili moja haimaanishi kwamba mti lazima ukatwe. Kuondoa tawi kavu au kupunguza mzigo wa upande mmoja huweza kutosha.

Namna ya kupogoa

Tawi kubwa halikatwi kwa mkato mmoja, kwani likianguka litachuna gome la shina. Mkato wa kwanza huanzia chini ya tawi, kama sentimita 30 kutoka shinani, na kuishia theluthi moja ya unene wake. Wa pili hukatwa kutoka juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, hadi tawi lianguke. Wa tatu huondoa kigutu kilichobaki, nje tu ya uvimbe mdogo ulio pale tawi linapotokea. Uvimbe huo usiguswe, kwa kuwa ndio unaoziba kidonda. Hakuna haja ya kupaka rangi wala oili chafu.

Kwa msimu mmoja, usiondoe zaidi ya robo ya matawi yenye majani. Wanaokata kilele chote wakidhani wanaupunguzia mti hatari huiongeza, kwa maana machipukizi yatakayofuata hushikilia kwa unyonge na huvunjika upesi. Miti michanga ndiyo rahisi kurekebisha. Samaki mkunje angali mbichi.

Mathenge una kanuni zake. Mti huo ulioletwa nchini kuanzia miaka ya 1970 ili kuzuia jangwa, na ambao serikali iliutangaza kuwa kwekwe mwaka wa 2008, huchipua upya kwa wingi ukikatwa juu ya ardhi pekee. Usipong'olewa pamoja na kisiki chake ungali mdogo, utageuka kichaka cha miiba mlangoni.

Kazi isiyo ya kila mtu

Tawi linalofikiwa ukiwa umesimama chini laweza kukatwa na mwenye nyumba. Kupanda juu na msumeno wa mashine, au kuangusha mti mzima karibu na nyumba, ni kazi ya fundi mwenye kofia ngumu, kamba na wasaidizi. Watu wengine wakae mbali, angalau mara mbili ya urefu wa mti. Ikiwa matawi yamekaribia nyaya za umeme, yasiguswe kabisa; waarifiwe Kenya Power. Kabla ya kuangusha mti mkubwa, pata ushauri na idhini kutoka kwa chifu au Shirika la Huduma za Misitu (KFS).

Radi inapoanza kunguruma, chini ya mti si mahali pa kujikinga.

Desturi ya Waborana ya dedha, ambayo kwayo wazee husimamia malisho, hufundisha kutumia bila kumaliza. Hekima hiyo yafaa uani pia. Ukaguzi ufanywe Februari, kabla ya mvua za ganna, na tena Septemba, kabla ya hagaya, wakati ardhi ingali kavu na fundi hana haraka. Mti uliotunzwa hivyo utadumu kuwapa wajukuu kivuli, na familia italala bila hofu usiku wa mvua.