INAKWENDA KULIPA NA INATOKA KULIPA: MANENO YA KIFARANSA KATIKA KARATASI ZA KAZI



Wengi wetu tulioko Arua na Koboko tunafanya kazi na matajiri wa pande zote mbili za mpaka. Mbao zinatoka Kongo, bidhaa zinakwenda soko la Ariwara, na kibarua anayepakia lori leo upande huu huenda kesho akashusha upande ule. Kwa mdomo tunasikilizana, kwa Kilugbara, Kikakwa, Kilingala au Kiswahili hiki hiki. Taabu inaanza tajiri anapotoa karatasi. Kongo imo pamoja nasi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, lakini karatasi za kazi huko zinaandikwa Kifaransa.

Ndugu zetu wanane, wapakiaji wa mbao, walituletea karatasi moja baada ya kuitia sahihi na dole gumba. Iliandikwa hivi: «La société vient de payer les journaliers.» Mwenzao mmoja alikuwa na Kifaransa kidogo cha utotoni, maana wazazi wake walikimbilia Zaire mwaka 1979, kama familia nyingi za West Nile wakati ule. Alijua kwamba «vient» ni kuja. Akawaambia wenzake: kampuni inakuja kulipa vibarua. Wakatia sahihi, wakangoja Jumamosi. Kumbe maana yake ni kwamba kampuni imekwisha kulipa, sasa hivi tu. Walipokwenda kudai walionyeshwa madole yao wenyewe.

Hatumlaumu ndugu huyo. Kwa Kiswahili chetu mtu akisema «anakuja kulipa», fedha bado iko mbele. Sisi wenyewe shule yetu iliishia darasa la saba, na tungekosea vilevile kama mwalimu mmoja wa ng'ambo ya mpaka asingetukalisha chini na kutueleza. Tuliyoyashika ni haya.

Mfaransa akitaka kusema jambo litakalofanyika karibuni, hasemi linakuja. Anatumia neno la kwenda, ndilo «aller», kisha analiweka neno la kazi lenyewe baada yake. Kulipa ni «payer», husomwa peye. Sisi alama ya ku- tunaiweka mwanzoni, kulipa, kupakia, kumaliza. Wao wanaiweka mkiani: «payer», «charger», «finir». Basi jambo la kufurahisha ni kwamba neno hilo la pili halibadiliki hata kidogo. Linalobadilika ni lile la kwenda tu:

Je vais payer: ninakwenda kulipa.
Tu vas payer: unakwenda kulipa.
Il va payer: anakwenda kulipa.
Nous allons payer: tunakwenda kulipa.
Vous allez payer: mnakwenda kulipa.
Ils vont payer: wanakwenda kulipa.

«Vais» husomwa ve, na «vas» na «va» husomwa sawasawa, va. Herufi za mwisho mara nyingi zimeandikwa bure, usizihangaikie. Ukishazijua sura hizo sita unaweza kuweka kazi yoyote mbele yake: «nous allons charger», tunakwenda kupakia, «nous allons finir», tunakwenda kumaliza.

Sasa rudini kwenye «vient de». Neno la kuja likifuatwa na kijineno «de», maana yake inageuka kuwa kutoka. «Il vient de payer»: ametoka kulipa, fedha imekwisha kutolewa. Kijineno chenyewe kina herufi mbili tu, nacho ndicho kilichowaponza wenzetu wanane. Kwa hiyo ukiona «va payer», deni lipo. Ukiona «vient de payer» na mfuko wako mtupu, usitie dole.

Kukataa nako kuna namna yake. Wanalizungushia neno la kwenda vijineno viwili, «ne» mbele na «pas» nyuma: «La société ne va pas payer», kampuni haitalipa. Katika mazungumzo «ne» humezwa mara nyingi, kwa hiyo tegeni sikio kwenye «pas», ambayo husomwa pa.

Liko jambo jingine ambalo kwa maoni yetu ni baya kuliko hayo yote, nalo ni neno «on». Msimamizi hupenda kusema «on va payer». Ukimwuliza mtu atakwambia ni sawa na «tutalipa». Ni kweli, lakini «on» haina mwenyewe. Yaweza kuwa sisi, yaweza kuwa watu, yaweza kuwa mtu fulani asiyejulikana. Siku ya kudai kila mmoja atasema yeye siye «on». Mdomoni lipite, lakini kwenye karatasi takeni liandikwe jina la kampuni au la tajiri mwenyewe.

Tena «va» haina siku ndani yake. Inasema karibuni, lakini karibuni ya tajiri na karibuni ya mwenye watoto nyumbani hazilingani. Tarehe lazima iandikwe, na kiasi pia. Karatasi nzuri inasomeka hivi: «La société va vous payer le 30», yaani kampuni itawalipa ninyi tarehe 30. Angalieni «vous» ilivyokaa katikati, baada ya «va» na kabla ya «payer». Ndiyo ile -wa- yetu katika «itawalipa».

Na mkiambiwa muandike «lu et approuvé» juu ya sahihi, jueni mnaandika kwamba mmesoma na kukubali. Kama hamjasoma, ombeni karatasi ilale kwenu usiku mmoja, muilete kwa katibu wa tawi.

Wale wanane walipata nusu ya ujira wao baada ya kwenda na kurudi majuma matano, na tuliwasaidia kwa daftari la nyapara lililoonyesha kwamba hakuna aliyepokea kitu. Kwa nusu iliyobaki wamepewa karatasi ya pili. Tumeisoma pamoja nao neno kwa neno. Ina jina la kampuni, ina «va», ina kiasi na ina tarehe. Tunapoandika haya tarehe hiyo bado siku tisa.