Silabi, Mkazo na Uundaji wa Maneno katika Kihispania

Katika Kihispania, kama ilivyo katika Kiswahili, mkazo mara nyingi huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Mfanano huu waweza kumpotosha mchunguzi, kwani misingi ya mkazo katika lugha hizi mbili si mamoja.

Tuanze na ugawaji wa silabi. Konsonanti moja iliyo kati ya irabu mbili huungana na irabu inayofuata: ca-sa (nyumba). Zikiwa mbili, kwa kawaida hutengana: par-te (sehemu). Lakini kipasuo kikifuatwa na l au r, aghalabu zote mbili hubaki pamoja: ha-blar (kusema), li-bro (kitabu).

Kuhusu mkazo, neno liishialo kwa irabu, n au s hukazwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Liishialo kwa konsonanti nyingine hukazwa kwenye silabi ya mwisho. Neno linalokiuka kanuni hiyo hutiwa alama katika maandishi. Hivyo término ni 'istilahi', termino ni 'ninamaliza', na terminó ni 'alimaliza'. Sauti ni zile zile. Mkazo ndio unaotenganisha maana.

Uundaji wa maneno ndio unaodhihirisha hali halisi. Wingi wa joven (kijana) ni jóvenes, na wa canción (wimbo) ni canciones. Alama imezuka katika neno la kwanza na kutoweka katika la pili, ilhali mkazo wenyewe haukuhama. Katika Kiswahili, kinyume chake, piga ikizaa pigana, kisha piganisha, mkazo husogea kila silabi inapoongezeka.

Hata hivyo, viambishi tamati vya unyambuaji wa Kihispania huweza kuuvuta mkazo. Casa huzaa casita (kijumba), na puerta (mlango) huzaa portero (bawabu). Katika mfano huu wa pili, ue ya puerta, ikiisha kupoteza mkazo, huonekana kama o. Kiambishi -mente nacho kina tabia ya pekee: rápidamente (upesi) lina mikazo miwili, mmoja wa rápida na mwingine wa kiambishi.

Kwa hiyo mkazo wa Kiswahili, isipokuwa katika maneno machache, huhesabiwa baada ya neno kukamilika. Wa Kihispania hutegemea shina na aina ya kiambishi. Anayefundisha Kihispania kwa wasemaji wa Kiswahili hana budi kufundisha mkazo na mofolojia kwa pamoja.