Sigiri Bora Huanzia Kwenye Kunjo la Bati

Katika Ngarama na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, kuni na mkaa ni shughuli ya kila siku. Makazi hayo yalianzishwa mwaka 1958, na leo wanaishi humo watu waliotoka Rwanda, Burundi, Kongo, Somalia na kwingineko. Kadiri watu walivyoongezeka ndivyo miti ilivyozidi kuwa mbali. Kwa hiyo sigiri si chombo cha kudharauliwa: ikiundwa vibaya, hula mkaa pamoja na fedha za nyumba.

Mafundi wa Kenya walilishughulikia jambo hilo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wakifuata wazo la jiko la ndoo la Thailand, waliunda jiko lenye kiuno chembamba, bati kwa nje na udongo uliochomwa kwa ndani. Udongo huo huzuia joto lisipotee ubavuni. Likitumiwa vema, jiko hilo huweza kupunguza mkaa kwa theluthi moja au zaidi.

Hata hivyo, udongo hautafaa kitu ikiwa bati limekunjwa ovyo. Fundi hodari hupima kwanza, akakata baadaye. Akitaka jiko la duara lililonyooka, lenye upana wa sentimeta 28, huzidisha kwa 22 na kugawa kwa 7. Mzunguko huwa sentimeta 88. Kisha huongeza sehemu ya kiungo. Kunjo la milimeta 8 huhitaji nyongeza ya mara tatu, yaani milimeta 24. Asipoiongeza, jiko litakuwa jembamba na udongo hautaingia.

Ncha mbili za bati hukunjwa kama ndoana, zikashikana, kisha zikagongwa kwa nyundo ya mti. Kiungo cha namna hiyo hushika bila kulehemu. Ukingo wa juu huzungushiwa waya na kukunjwa juu yake, ili usipinde chini ya sufuria nzito wala usikate mikono ya mama au mtoto. Chini huachwa kilango cha kupitisha hewa na kutolea majivu.

Bati nalo huchaguliwa. Bati lililopakwa zinki likipata moto mkali hutoa moshi wenye kudhuru. Pipa lililokuwa na petroli au dawa lisikatwe kabla ya kusafishwa kabisa, kwani mvuke uliobaki waweza kulipuka.

Mnunuzi naye asiangalie rangi tu. Na apitishe kidole polepole ukingoni, aliweke jiko mahali palipo sawa aone kama linayumba, na achungulie kiungo: kikiachia mwanga, hakikukazwa. Mwisho, hata jiko lililo bora lisiachwe likiwaka katika chumba kilichofungwa, kwa sababu hewa ya mkaa huua bila kunuka.