Sanamu Isiyochongwa

Neno sanamu hufahamika kuwa ni mfano wa mtu au kitu, na afanyaye sanamu huitwa mchongaji, kwa kuwa huondoa kwa tezo au patasi kile kisichotakiwa. Maelezo yote mawili hayafai kwa Mnara wa Sindano, uliofanywa mwaka 1968 na Mmarekani Kenneth Snelson (1927–2016), ambao ni mali ya makumbusho ya Hirshhorn mjini Washington. Haufanani na kitu, wala hapana kilichochongwa.

Urefu wake ni kiasi cha mita 18, na vipande vyake ni mabomba ya alumini na kamba za chuma kisichoshika kutu. Ajabu yake ni kwamba hakuna bomba linaloligusa jingine. Kila moja limening'inia hewani, limeshikwa na kamba tu. Na asimamaye chini akitazama juu huona nyota za pembe sita, moja ndani ya nyingine.

Atakaye kufahamu jambo hili na aanze na kitanda cha kamba. Kamba zikisukwa na kukazwa huivuta mifumbati na vitakizo kuelekea ndani, na mbao hizo hukataa. Kamba haiwezi kusukuma, yaweza kuvuta tu. Na mti mwembamba ukibanwa kwa ncha zake mbili hupinda. Lakini kitandani mifumbati na vitakizo huingia katika matendegu, hivyo mbano hupita kutoka ubao hadi ubao. Snelson aliikata njia hiyo: mbano umefungwa ndani ya kila bomba peke yake, na kuvuta ndiko kunakoenea mnara mzima bila kukatika. Kamba zisipokazwa kwanza mnara hauna umbo. Hulala kama wavu uliotupwa pwani.

Snelson aliyaanza hayo mwaka 1948, alipokuwa mwanafunzi wa Buckminster Fuller katika Black Mountain College, jimbo la North Carolina, na mwaka uliofuata alimwonyesha mwalimu wake vielelezo vidogo. Baadaye Fuller aliunga maneno mawili, la kuvuta na la ukamilifu, akapata jina tensegriti. Snelson hakulipenda; yeye alitaka paitwe mbano unaoelea. Ugomvi huo haukuwa wa majina matupu, maana aliyekipa kitu jina ndiye watu waliyemdhania kuwa mwenyewe, hata maonyesho ya New York ya mwaka 1959 yalipomtaja Snelson.

Wahandisi wameitumia kanuni hii kwa hadhari, na wana haki: umbo la namna hii huyumba likipakiwa mzigo, na sanamu haibebi mzigo ila wake. Daraja la Kurilpa mjini Brisbane, Australia, lenye mita 470 na lililofunguliwa mwaka 2009 kwa waendao kwa miguu na baiskeli, laitumia kwa sehemu tu.

Kwa Kiswahili, mbano lafaa. Kwa upande wa kuvuta, neno mkazo lingefaa zaidi, kwani latoka katika kukaza kamba, ila wanafonetiki wamekwisha kulichukua. Hapana ubaya likitumika pote pawili. Ama mtu mwenyewe, kumwita mchongaji ni kosa. Waswahili husema kuunda jahazi, si kulichonga, ijapokuwa mbao zake zimechongwa. Snelson alikuwa mwundaji.