Je, Wajua? Vifaa vya Tiba Vyenye Akili Kilimanjaro

Je, wajua kuwa kikasha cha dawa kinaweza kutoa taarifa chenyewe? Mkoani Kilimanjaro, watafiti wa KCRI, taasisi iliyo pamoja na hospitali ya KCMC mjini Moshi, walijaribu Wisepill, kikasha kilichobuniwa Afrika Kusini, kwa watu wanaotumia dawa za kufubaza VVU. Ndani yake mna laini ya simu. Kikifunguliwa, tarehe na saa hutumwa kwenye kompyuta.

Je, wajua kuwa kikasha hicho hakijui kama dawa imemezwa? Kinajua tu kuwa kimefunguliwa. Rekodi yake haitoshi bila mazungumzo ya mgonjwa na mhudumu wake.

Je, wajua kinachotokea mtandao ukikatika? Programu iliyopachikwa ndani ya kifaa huhifadhi rekodi na kuituma mtandao ukirudi. Ni lazima iandike saa ya kufunguliwa, si saa ya kutuma. La sivyo dozi ya asubuhi itaonekana ya jioni, na mgonjwa mwaminifu atalaumiwa bure.

Je, wajua kuwa kutuma taarifa hula betri zaidi kuliko karibu kazi nyingine zote? Kwa hiyo programu nzuri hukilaza kifaa na kukiamsha panapo kazi tu.

Je, wajua kuwa programu nayo ina mlinzi? Ikikwama, saa maalumu ndani ya kifaa hukiwasha upya bila kusubiri fundi.

Je, wajua kuwa mwaka 2017 vifaa vya kurekebisha mapigo ya moyo vipatavyo 465,000 nchini Marekani vilihitaji programu mpya ili kuziba mwanya wa wadukuzi? Wagonjwa walihudumiwa kliniki, bila upasuaji.

Je, wajua kuwa kwenye kilele cha Uhuru cha Mlima Kilimanjaro, mita 5,895, kila pumzi hukupa takriban nusu tu ya oksijeni ya pwani? Waongozaji huwapima wapandaji oksijeni ya damu kwa kifaa cha kidoleni, ambacho msingi wake uliwekwa na Takuo Aoyagi wa Japani miaka ya 1970. Vidole vikiganda kwa baridi, ishara hufifia. Hapo programu iseme imeshindwa kusoma, isikisie.

Je, wajua kuwa utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 ulionyesha vipimo hivyo vya kidoleni huficha upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu kuliko kwa weupe? Nasi tunavitegemea kila siku.

Je, wajua kuwa mtandao, ambao vifaa kama kikasha kile huuhitaji kutuma rekodi, nao umepanda mlima? Agosti 2022 shirika la mawasiliano la TTCL lilifikisha intaneti ya kasi Horombo, kambi ya wapandaji Kilimanjaro, mita 3,720.

Je, wajua kuwa tangu 2019 mamlaka iitwayo TMDA ndiyo inayodhibiti dawa na vifaa tiba Tanzania Bara? Kabla ya kununulia zahanati kifaa, uliza: kimesajiliwa? Umeme ukikatika, rekodi zinabaki? Nani atasasisha programu yake, na kwa miaka mingapi? Muuzaji asiye na majibu hayo asipewe fedha za wagonjwa.