Jiko la kuni au jiko la peleti: lipi ni salama zaidi kwa mapafu ya familia yako?

Baridi ya Maine huanza mapema na huchelewa kuondoka. Familia nyingi kutoka Kongo, Burundi na Rwanda zinazoishi Portland, Lewiston na miji ya jirani hukuta nyumba zinazopashwa joto kwa mafuta, gesi au umeme. Lakini ukihamia nyumba ya pembeni mwa mji, au ukitafuta njia ya kupunguza gharama ya mafuta, utakutana na majiko mawili ambayo wenyeji wa huku wanayapenda sana: jiko la kuni na jiko la peleti.

Wengi wetu tumekulia kwenye nyumba za kuni na mkaa, kwa hiyo moto si kitu kigeni. Kilicho kigeni ni kuufungia moto ndani ya nyumba iliyozibwa kila upande, mchana na usiku, kwa miezi mitano au sita. Ukurasa huu unaeleza tofauti ya majiko haya mawili kwa upande wa afya, na mambo ya kufanya ili joto lisilete ugonjwa.

Majiko haya yanafanyaje kazi?

Jiko la kuni ni sanduku la chuma lenye mlango, mara nyingi wa kioo. Unatia vipande vya kuni kwa mkono, unawasha, na moshi unatoka nje kupitia bomba la moshi, yaani dohani. Halihitaji umeme. Wewe mwenyewe ndiye unayeamua kiasi cha kuni na kiasi cha hewa inayoingia.

Jiko la peleti linatumia peleti, yaani vipande vidogo vya maranda yaliyoshindiliwa kwa nguvu hadi yakawa magumu. Kila kipande kina unene wa milimita 6 hivi na ni kikavu sana. Marekani huuzwa kwenye mifuko ya kilo 18. Unamimina mfuko kwenye tangi la jiko, kisha parafujo inayozungushwa na mota inapeleka peleti kidogo kidogo kwenye moto. Feni moja inasukuma moshi nje na nyingine inasambaza joto chumbani. Kazi hii yote inahitaji umeme, kiasi cha uniti 100 kwa mwezi katika matumizi ya kawaida.

Kwa nini moshi wa kuni ni hatari?

Harufu ya kuni huwakumbusha wengi nyumbani, na ni rahisi kudhani kuwa kitu cha asili hakina madhara. Lakini moshi wa kuni una chembe ndogo mno ambazo jicho haliwezi kuziona moja moja. Ndogo kati ya hizo ni nyembamba kuliko unywele kwa mara 30 hivi. Pua na koo haziwezi kuzizuia. Zinafika ndani kabisa ya mapafu, na baadhi huingia kwenye damu.

Chembe hizi huwasha njia za hewa. Mwenye pumu hushikwa mara kwa mara. Mwenye ugonjwa wa moyo huongezewa hatari ya kupata mshtuko wa moyo. Wanaoumia zaidi ni:

- watoto wadogo, kwa sababu wanapumua haraka kuliko watu wazima na mapafu yao bado yanakua;
- wajawazito;
- wazee;
- mtu yeyote mwenye pumu, ugonjwa sugu wa mapafu au ugonjwa wa moyo.

Kuna mfano unaoonyesha kuwa jiko lina uzito mkubwa katika jambo hili. Mji wa Libby, jimbo la Montana, uko bondeni, na wakati wa baridi moshi wa majiko ulikuwa unatanda juu yake. Kati ya mwaka 2005 na 2007 majiko ya kuni ya zamani zaidi ya 1,100 yalibadilishwa. Baadhi ya familia zilipewa majiko mapya ya kuni yanayochoma vizuri, nyingine majiko ya peleti au ya gesi. Chembe za moshi katika hewa ya mji zilipungua kwa zaidi ya robo wakati wa baridi, na wazazi waliripoti kuwa watoto wao walisumbuliwa kidogo zaidi na kifua kinachobana na kupiga mluzi.

Lipi lina moshi mdogo?

Kwa kawaida, jiko la peleti. Sababu zake ni mbili. Kwanza, peleti zote ni kavu na zina ukubwa mmoja, hivyo zinaungua karibu zote. Pili, mashine ndiyo inayopima peleti na hewa, kwa hiyo moto haufifii wala kusongwa. Pia huhitaji kufungua mlango kila baada ya muda kuongeza kuni, na kila mlango unapofunguliwa moshi kidogo huingia chumbani.

Jiko la kuni linategemea zaidi mkono wa mtumiaji. Tangu mwaka 2020, majiko mapya yanayouzwa Marekani, ya kuni na ya peleti, hayaruhusiwi kutoa zaidi ya gramu 2 hadi 2.5 za chembe kwa saa moja yanapopimwa. Majiko ya zamani yanaweza kutoa mara nyingi ya hizo. Lakini hata jiko jipya likilishwa kuni mbichi litatoa moshi mzito. Kipimo cha maabara hufanywa kwa kuni kavu. Nyumbani kwako kipimo ni kuni ulizo nazo.

Kwa hiyo, kama nyumbani kuna mtoto mwenye pumu au mzee mwenye shida ya mapafu, na unapaswa kuchagua kati ya haya mawili, jiko la peleti ndilo bora. Usisahau lakini kuwa hata lenyewe linatoa moshi. Kama nyumba ina njia nyingine ya joto isiyochoma kitu ndani, tumia hiyo kwanza.

Udhaifu wa jiko la peleti: umeme ukikatika

Hapa ndipo familia nyingi hukutwa hazijajiandaa. Umeme ukizimika, parafujo na feni zinasimama. Peleti zilizokuwa zinaungua zinaendelea kwa muda mfupi bila feni ya kusukuma moshi nje, na moshi unaweza kurudi chumbani. Baada ya hapo nyumba inaanza kupoa.

Maine si mahali pa kudharau jambo hili. Dhoruba ya barafu ya Januari 1998 ilikata umeme kwa karibu nusu ya wakazi wa jimbo, na baadhi ya nyumba zilikaa gizani zaidi ya wiki mbili. Watu wengi walifika hospitali siku zile wakiwa wamevuta gesi yenye sumu, kwa sababu walikuwa wakitafuta joto na mwanga kwa njia zisizo salama.

Kwetu njia hiyo tunaijua vizuri: kuwasha jiko la mkaa nje, kungoja moshi uishe, kisha kuliingiza ndani lipashe chumba joto. Watu hufanya hivyo kwenye nyanda za juu zenye baridi, na hata huko familia nzima zimekutwa asubuhi zimekufa. Katika nyumba ya Marekani iliyozibwa isiingize upepo, hatari ni kubwa zaidi. Usiingize ndani jiko la mkaa wala jiko la kuchomea nyama, hata kwa dakika chache, hata kama hulioni likitoa moshi.

Gesi isiyoonekana

Kinachoua hapo ni gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu na haiwashi macho. Inajishika kwenye damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo mwili unakosa hewa huku mtu akiendelea kupumua. Husemwa penye moshi pana moto; gesi hii inaweza kuua mahali pasipo na moshi wowote. Kila mwaka zaidi ya watu 400 hufa nayo Marekani kwa ajali, mbali na wale wanaokufa katika nyumba zilizoungua.

Inaweza kutoka kwenye jiko la kuni au la peleti lenye bomba lililoziba au kupasuka, kwenye jenereta, kwenye gari linalonguruma ndani ya gereji, na kwenye mkaa. Hata peleti zenyewe, zikihifadhiwa kwa wingi kwenye chumba kilichofungwa, hutoa gesi hii taratibu. Weka mifuko yako mahali pakavu penye hewa, si kwenye chumba cha kulala.

Dalili zake ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, uchovu, maumivu ya kifua na kuchanganyikiwa. Watu huidhani ni mafua. Shuku gesi hii hasa kama:

- watu kadhaa nyumbani wameugua kwa wakati mmoja;
- hawana homa;
- wanapata nafuu wakitoka nje, na kuugua tena wakirudi.

Ukishuku, toeni kila mtu nje mara moja, bila kusimama kuchukua vitu. Mkiwa nje, piga 911. Unaweza kusema neno moja tu, "Swahili", ili utafutiwe mkalimani. Msirudi ndani mpaka wazimamoto waseme ni salama.

Mambo ya kufanya kwa jiko lolote

Weka king'ora cha kaboni monoksaidi. Kiwe karibu na vyumba vya kulala, na kiwe na betri ili kifanye kazi hata umeme ukikatika. Kwa nyumba za kupanga Maine, sheria inamtaka mwenye nyumba akiweke. Kazi yako ni kukijaribu na kutokitoa betri. King'ora cha moshi ni kitu tofauti. Unahitaji vyote viwili.

Safisha bomba la moshi. Moshi unapopoa ndani ya bomba huacha masizi mazito kama lami, na masizi hayo yanaweza kushika moto na kuunguza nyumba. Mtaalamu alikague angalau mara moja kwa mwaka, kabla ya baridi kuanza. Jiko la peleti lina masizi machache, lakini nalo linahitaji kusafishwa, hasa chungu cha moto na njia za hewa.

Tumia kuni kavu. Kuni zilizopasuliwa zinahitaji miezi 6 hadi mwaka mmoja au zaidi kukauka, zikiwa zimepangwa nje, zimefunikwa juu na kuachwa wazi pembeni. Kuni kavu ina nyufa kwenye ncha, ni nyepesi, na ukigonga vipande viwili hulia kwa sauti kali. Kuni mbichi huchemka na kutoa povu motoni. Kuna kipimo kidogo cha unyevu ambacho hakina bei kubwa. Kinapaswa kusoma chini ya 20 kwa mia.

Usichome takataka. Plastiki, mbao zilizopakwa rangi na mbao zilizotiwa dawa hutoa sumu. Baadhi ya mbao za zamani zilizotiwa dawa zina aseniki. Kwenye jiko la peleti usitie kitu kingine chochote isipokuwa peleti.

Usiusonge moto. Wengi hufunga hewa usiku ili kuni zidumu mpaka asubuhi. Moto wa namna hiyo hutoa moshi mwingi kuliko joto. Afadhali moto mdogo unaowaka vizuri. Kioo kikiwa cheusi, au moshi mzito ukitoka kwenye bomba muda mrefu baada ya kuwasha, jua kuwa moto haupati hewa ya kutosha au kuni hazijakauka.

Linda watoto. Jiko la kuni huunguza kila upande, na kioo cha jiko la peleti nacho huwa cha moto sana. Weka uzio wa chuma kulizunguka. Nguo, makochi na kuni zenyewe zikae angalau sentimita 90 mbali nalo.

Mwaga majivu kwa uangalifu. Makaa yanaweza kubaki na moto kwa siku kadhaa chini ya majivu yanayoonekana yamepoa. Yaweke kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, nje, mita 3 au zaidi kutoka kwenye nyumba. Usitumie mfuko wala sanduku la karatasi.

Panga mapema umeme ukikatika. Kama una jiko la peleti, uliza kama linaweza kuunganishwa na betri ya akiba. Kubalianeni na jamaa au jirani mtakapokwenda. Jenereta ikae nje, mita 6 au zaidi kutoka milango na madirisha.

Maswali ya kumuuliza mwenye nyumba kabla ya kuhamia

1. Jiko hili ni la mwaka gani, na bomba lake lilisafishwa lini?
2. Ving'ora viko wapi, na vinafanya kazi?
3. Kuna njia nyingine ya joto kama jiko hili haliwaki?
4. Nani atalipia matengenezo?

Kama gharama ya joto inakulemea, uliza shirika la huduma za jamii la eneo lako kuhusu LIHEAP, mpango wa serikali ya Marekani unaosaidia familia zenye kipato kidogo. Na mtoto akianza kukohoa usiku au kifua kupiga mluzi tangu jiko liwashwe, mpeleke kliniki na umweleze daktari kuwa nyumbani mnachoma kuni au peleti. Daktari anaweza asiulize. Ukimwambia, atajua pa kuanzia. Mkalimani wa Kiswahili hospitalini ni bure, na una haki ya kumwomba.